Kaluvu Chupani: Leseni kwa Mpikaji Mdogo wa Muthetheni

Ukitaka kuuza kaluvu, pombe ya kienyeji ya Wakamba, kihalali Muthetheni katika Kaunti ya Machakos, ofisi ya kwanza kuingia ni jiko lako mwenyewe. Wengi waliochoka na biashara ya kujificha huanza kwa kupanda matatu hadi Mwala, kwenye ofisi za kaunti ndogo, wakauliza leseni ni pesa ngapi. Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu hakuna karatasi moja nchini Kenya iitwayo leseni ya pombe ya kienyeji. Kuna leseni ya kaunti, kuna leseni ya ushuru wa bidhaa inayotolewa na KRA, kuna kibali cha alama ya ubora cha KEBS, kuna cheti cha afya ya umma, na kila mlango una bawabu wake. Hoja yangu ni kwamba milango hiyo yote, ukiitazama vizuri, inauliza swali lile lile: ndani ya chupa mna nini, kina nguvu kiasi gani, na je, wiki ijayo unaweza kupika kitu hicho hicho bila kubadilika? Mpikaji mwenye jibu la swali hilo atazipata karatasi zake, japo kwa jasho. Asiye nalo atalipa ada za maombi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Na kwa kuwa jibu lenyewe lina gharama, nitaeleza pia kwa nini ni vigumu kulimudu ukiwa peke yako.

Tuanze na sheria, maana imezungukwa na uvumi mwingi. Tangu 1980 Kenya ilikuwa na sheria maalumu iliyopiga marufuku chang'aa. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo watu wameizoea kama Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, na ile ya 1980 ikafutwa. Habari zilizofika vijijini zilikuwa fupi: chang'aa imehalalishwa. Kilichohalalishwa hasa ni kinywaji kilichotengenezwa na mwenye leseni, kikafikia viwango, kikafungwa kwenye chupa ya kioo isiyopungua mililita 250 na kubandikwa lebo. Mtungi wa plastiki nyuma ya nyumba ulibaki haramu kama ulivyokuwa. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinakataza kutengeneza au kuuza kileo bila leseni, na kwa kosa lisilotajiwa adhabu yake pekee, sheria inaruhusu faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Angalia kwamba katazo linagusa kutengeneza pia, si kuuza tu. Anayemwambia hakimu kwamba hakuuza, alipika tu, bado hajajitetea.

Mwaka huo huo wa 2010 Katiba mpya, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Ndiyo maana leo ombi lako linapita mbele ya kamati ya kaunti ndogo chini ya serikali ya Kaunti ya Machakos, wala si kwa mkuu wa wilaya kama zamani. Viwango vya ubora na ushuru wa bidhaa, hata hivyo, vilibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, na NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo ina sauti katika mambo ya viwanda vya vileo. Mpikaji mdogo basi anahudumia serikali mbili kwa wakati mmoja. Leseni ya baa haikupi ruhusa ya kupika, na stempu za KRA hazikupi ruhusa ya kufungua kilabu. Ukielewa mgawanyo huo mapema utajiepusha na kosa la kawaida kabisa, la kulipia karatasi ya kuuza ukidhani umelipia ya kutengeneza.

Kabla ya kwenda mbali, amua unapika nini. Kuna pombe ya kuchachusha tu, kama kaluvu na busaa, na kuna pombe ya kukeneka, yaani chang'aa. Kwa mpikaji mdogo wa Muthetheni ushauri wangu ni mmoja: achana na kukeneka. Sababu yangu imejengwa juu ya makaburi. Novemba 2000, zaidi ya watu 120 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kwa kinywaji kilichotiwa methanoli. Juni 2005 ikawa zamu ya wilaya ya Machakos yenyewe, ambako zaidi ya watu 40 walipoteza maisha na wengine wakapofuka. Mei 2014 vifo vikazuka kwa siku chache katika Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na kwingineko, vikapita 70. Februari 2024, Kangai huko Kirinyaga, watu 17. Ukisoma matukio hayo kwa pamoja utaona kwamba chanzo hakikuwa kuchachuka kwa asali au miwa. Methanoli kwa wingi wa kuua haizaliwi kwenye kibuyu cha kaluvu. Uchachushaji wa sukari hutoa ethanoli. Methanoli hutokana hasa na pektini ya matunda, na huwa kidogo mno. Ile inayoua ni ya viwandani, inayotumika kwenye rangi na viyeyushi, ambayo mtu huinunua kwa bei ya chini na kuitia kwenye pombe ili ikolee. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva ya jicho kwanza. Ndiyo maana manusura wengi husimulia kwamba walianza kwa kuona giza.

Kwa mnywaji hakuna njia ya kuitambua methanoli. Haina rangi, na ladha yake inajificha ndani ya ukali wa chang'aa. Ndani ya kaluvu ya asilimia 5 ni vigumu zaidi kuificha, na mteja anayekunywa kitu laini hana sababu ya kutafuta ukali usio wake. Kwa hiyo hatari za pombe hizo mbili haziko sawa, na serikali haizitazami kwa jicho moja. Machi 2024, baada ya vifo vya Kirinyaga, Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza hatua 25, ikiwemo kusimamisha leseni za watengenezaji wote wa vileo vikali vya bei ya chini, vinavyoitwa vya kizazi cha pili, hadi wakaguliwe upya. Hao walikuwa na viwanda, mawakili na akaunti za benki. Mpikaji wa kijijini anayetaka kuingia katika kundi hilo na pipa la mabati atakuwa amechagua mlango mwembamba kuliko yote. Kuna atakayenijibu kwamba chang'aa ndiyo yenye faida, kwani chupa moja huuzwa kwa glasi nyingi. Ni kweli kwa mwenye kujificha. Kwa mwenye kutii sheria, gharama ya kupima kila mkeneko, chupa za kioo na macho ya polisi hula faida hiyo kabla haijafika mfukoni.

Sasa turudi jikoni, na hapa nitakaa kwa muda, maana ndipo leseni inapopatikana au kupotelea. Kaluvu ya Ukambani hupikwa kwa asali au sukari au maji ya miwa, maji, na miatine, yale matunda marefu ya mti uitwao Kigelia kwa jina la kitaalamu, yaliyokaushwa na kutayarishwa. Nyuzi za tunda lile hubeba chachu kutoka pombe ya safari iliyopita, kwa hiyo linatumika tena na tena, na kila familia ina miatine yake inayoiamini. Mtungi huwekwa mahali penye joto, karibu na meko au juani, na baada ya muda mfupi povu hupanda. Mpikaji mzoefu hujua imeiva kwa kusikiliza, kunusa na kuonja. Ujuzi huo ni wa kweli, na sitauita wa kizamani. Shida ni kwamba haupimiki. Mtungi wa jana unaweza kuwa na asilimia 4, wa leo 7, na ule uliofungwa chupani Ijumaa bado unachachuka Jumatatu, hadi kizibo kinaruka au chupa inapasuka. Lebo inayosema asilimia 5 inakuwa ya uongo chupa ikiwa bado kwenye rafu. Kwa mteja wa kijijini hilo si tatizo; kwa KEBS na KRA ndiyo sababu ya kukukatalia.

Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko watu wanavyodhani. Nunua haidromita, kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya kinywaji na kuonyesha uzito wake ukilinganisha na maji. Pima kabla ya kutia miatine, kisha pima tena uchachushaji ukiisha, kinywaji kikiwa na joto la takriban nyuzi 20, maana kipimo kimetengenezwa kwa joto hilo. Tofauti ya vipimo viwili ukiizidisha kwa 131 inakupa asilimia ya pombe. Ukianza na 1.050 ukamaliza na 1.010, tofauti ni 0.040, na kaluvu yako ina asilimia 5 na kidogo. Ukipima mara moja tu mwishoni hutajua lolote, kwa sababu kipimo hicho husoma sukari iliyobaki wala hakisomi pombe yenyewe. Kwa makadirio ya kuanzia, gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya pombe ikichachuka yote, na asali ni sukari kwa takriban asilimia 80. Kilo moja ya asali ikitengeneza lita 10 za kinywaji basi itakupa kati ya asilimia 4 na 5. Ukiijua hesabu hiyo unaweza kuamua nguvu ya kaluvu kabla ya kuwasha moto, badala ya kuigundua kwa wateja.

Baada ya hapo usifunge chupa mpaka vipimo viwili vya siku tofauti viwe sawa. Kisha ua chachu iliyobaki: chupa zilizoachwa nafasi kidogo shingoni ziingizwe kwenye maji ya uvuguvugu, yapashwe polepole hadi nyuzi 60 na kitu, zikae humo kama dakika 20 hadi 30, halafu zipoe polepole. Ukizitia kwenye maji yanayochemka zitapasuka. Wapo watakaosema kaluvu iliyopashwa moto si kaluvu tena, imekufa. Wana haki ya kuonja tofauti, kwa sababu ipo. Lakini kaluvu hai haiwezi kusafiri wala kukaa dukani, na leseni unayoiomba ni ya kitu kinachokaa. Kama nia yako ni ile ya kunywewa mbichi siku ile ile, uamue hivyo tangu mwanzo na ukubali kwamba soko lako ni pale pale unapopikia, kwa ruhusa ya kutengeneza na ya kuuza mahali pamoja.

Andika kila kitu kwenye daftari: tarehe, asali ilitoka kwa nani na kilo ngapi, maji yalitoka wapi, vipimo viwili, chupa ngapi, na namba ya mpiko huo, ambayo pia iandikwe kwenye chupa. Weka kando chupa mbili za kila mpiko bila kuziuza. Siku malalamiko yakija, chupa hizo ndizo shahidi wako. Waswahili wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huo ndio wasiwasi wa ofisa wa viwango akiandika kanuni zake: anajua sampuli ya kwanza itakuwa nzuri, anachotaka ni ushahidi kwamba ya hamsini itafanana nayo. Daftari linamwonyesha hilo kuliko maneno.

Ukiwa na mipiko kadhaa inayofanana, sasa nenda KEBS. Alama ya ubora ni ya lazima kwa vileo, na hutolewa kwa kila bidhaa na kila jengo, baada ya kukagua mahali pako na kupima sampuli maabara. Wakaguzi wataangalia sakafu inayooshwa, dirisha lenye wavu, stoo iliyotengana na jiko, na maji. Maji ndiyo yatakayowasumbua wengi wa Muthetheni. Ukanda huu ni mkavu, wengi wanategemea visima, mabwawa na matangi ya mvua, na maji ya kisima cha Ukambani mara nyingi yana chumvi. Yapime mapema, kabla ya kumwaga simiti. Sheria ya 2010 pia inapiga marufuku pombe ya mifuko midogo ya plastiki, na inataka lebo itaje viambato pamoja na maonyo mawili ya afya, kwa Kiingereza au Kiswahili, yakichukua angalau asilimia 30 ya eneo la nje la chombo. Mchoraji wa lebo aambiwe hivyo kabla hajajaza chupa picha ya nyuki.

Halafu KRA, ambako hofu huwa kubwa kuliko hesabu. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 inamtaka kila mtengenezaji wa kileo awe na leseni kutoka kwa Kamishna, awe mkubwa au mdogo, na kila chupa ibebe stempu. Tangu mwishoni mwa 2024 ushuru hauhesabiwi tena kwa lita ya kinywaji, unahesabiwa kwa sentilita ya pombe halisi iliyomo. Kwa bia, na kwa pombe ya asali na vinywaji vinavyofanana nayo, kiwango cha kawaida ni shilingi 22.50 kwa kila sentilita. Kwa mtengenezaji mdogo anayejitegemea, asiyezidi lita 150,000 kwa mwezi wala kuwa chini ya kampuni nyingine, ni shilingi 10. Hesabu basi. Lita moja ya kaluvu ya asilimia 5 ina sentilita 5 za pombe, kwa hiyo unadaiwa shilingi 50. Kwa kiwango cha mkubwa ingekuwa shilingi 112.50. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 1,000. Ukikosea nguvu, kaluvu ikawa asilimia 7 badala ya 5, mtungi ule ule unadaiwa shilingi 1,400. Haidromita yako imegeuka kuwa chombo cha kodi. Asiyejua asilimia zake ama atalipa zaidi ya anachodaiwa, ama atalipa kidogo kisha aandikiwe faini.

Pingamizi hapa ni la haki: shilingi 50 kwa lita, juu ya asali, chupa, stempu na mafuta ya gari, itafanya kaluvu halali iwe ghali kuliko ya magendo, na mnywaji wa Muthetheni atamfuata wa magendo. Tuna ushahidi wa namna mambo hayo yanavyokwenda. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilileta Senator, bia ya keg ya bei ya chini, serikali ikaisamehe ushuru ili iwavute watu waache chang'aa. Ilifaulu, na baadaye mtama wa maeneo makavu ukapata soko ndani yake. Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya ushuru, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na 2015 ikabidi ilegeze tena. Mnywaji wa kipato cha chini hufuata bei, na hakuna lebo itakayombadilisha. Jibu langu ni kwamba usimlenge yeye. Kaluvu ya asali yenye alama ya KEBS haiwezi kushindana na keg kwa glasi ya mfanyakazi wa shamba. Inaweza kushindana kwenye hoteli za mji wa Machakos, harusi, sherehe za Wakamba walioko Nairobi, na maduka yanayouza mvinyo, ambako shilingi 25 za ushuru kwenye chupa ya nusu lita hazimtishi mtu. Kama mpango wako wa biashara unasimama tu kwa kuuza kwa bei ya magendo, usiombe leseni. Utafilisika ukiwa halali.

Nongwa ya kweli dhidi ya KRA iko kwingine. Kanuni zimeandikwa na mtu aliyekuwa akiwaza kiwanda. Sheria ya Fedha ya 2023, kwa mfano, iliwataka watengenezaji wa vileo walipe ushuru ndani ya saa 24 tangu bidhaa itoke stoo, jambo lililolegezwa mwaka uliofuata. Mtu mwenye mtungi mmoja na simu isiyo na intaneti hawezi kuishi kwa mwendo huo. Marejesho ya kila mwezi, mfumo wa stempu, dhamana ambayo Kamishna anaweza kuidai, ukaguzi wa KEBS, ripoti ya mazingira kwa NEMA, vyote havipungui kwa sababu unapika kidogo. Gharama ni kwa jengo na kwa bidhaa, haiangalii lita. Lita 200 kwa mwezi zitabeba mzigo karibu sawa na lita 5,000, na hapo ndipo mpikaji wa peke yake anaposhindwa, hata awe hodari namna gani.

Kwa hiyo pikeni pamoja. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 inaruhusu watu kuanzia 10 kusajili chama, na Ukambani haina ugeni na ushirika wa asali wala wa kahawa. Wazo lenyewe si geni Afrika Mashariki. Uganda ilipitisha mwaka 1965 sheria ya kutengeneza na kutoa leseni za enguli, pombe kali ya vijijini. Mpikaji mwenye leseni aliruhusiwa kupika, lakini auze kwa kiwanda, na kiwanda kiliikeneka upya na kuifunga. Huko ndiko Uganda Waragi ilikotoka. Mpango huo haukumaliza magendo, na wapikaji walilalamikia bei waliyopewa. Lakini ulionyesha kwamba inawezekana mikono mingi ya vijijini ikaishia kwenye chupa moja inayopimika. Kwa Muthetheni ningeugeuza kidogo: wanachama walete asali, au mchanganyiko ambao haujaanza kuchachuka, na uchachushaji, upimaji na ufungaji ufanyike kwenye jengo moja la chama. Mkiruhusu kila mmoja achachushe kwake mmerudi kwenye tatizo la mitungi tofauti, na mbele ya sheria mna watengenezaji 10 wasio na leseni na stoo moja iliyo nayo.

Vyama huvunjika kwa ugomvi wa pesa, ataniambia mtu, na wa pombe zaidi. Ni kweli, na dawa ya kawaida ni kulipa kwa kipimo: asali inapimwa kilo na utamu mlangoni, mwanachama anaandikiwa risiti, hakuna anayelipwa kwa mtungi. Haidromita ile ile itawaonyesha nani ameongeza maji kwenye asali yake.

Kuhusu kaunti nitakuwa mfupi, maana ni sehemu iliyo wazi zaidi. Sajili jina la biashara au chama, pata PIN ya KRA na kibali cha biashara, kisha peleka ombi la leseni ya kutengeneza kwa kamati ya vileo ya kaunti ndogo ya Mwala. Ombi hutangazwa ili wakaazi wapate nafasi ya kulipinga. Kabla ya kukodi jengo, chukua futi kamba: sheria ya 2010 inataka mahali pa leseni pawe angalau mita 300 kutoka shule au chekechea yoyote, na katika soko dogo ambako shule na maduka vimepakana, sharti hilo pekee linaweza kuondoa nusu ya vyumba vinavyopangishwa. Ongea na kanisa, wazee na chifu kabla tangazo halijabandikwa, si baada yake. Watakaokupinga wana hoja nzito: wameona familia zikiharibiwa na pombe, na wengine bado wanakumbuka 2005. Usiwajibu kwa utamaduni. Waonyeshe daftari, chupa zilizowekwa kando, na saa za kuuza ambazo sheria imeweka, saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Ofisa wa afya ya umma atakagua jengo na kudai vyeti vya uchunguzi wa afya vya wote wanaogusa chakula, vinavyorudiwa kila baada ya miezi 6. Machicha ya asali na miatine yasimwagwe mtoni. NEMA inaweza kukufungia kwa hilo hata leseni nyingine zote zikiwa sawa.

Limebaki pingamizi ambalo husemwa kwa sauti ya chini, kwamba leseni haimzuii askari kuja kuchukua chake, kwa hiyo afadhali umpe yeye na uendelee. Hongo ina hesabu yake: hulipwa kila wiki, haina risiti, hupanda kila mara ofisa mpya anapohamishiwa kituoni, na haikupi haki ya kumshtaki anayekumwagia pombe. Leseni hulipwa mara moja kwa mwaka na ikikataliwa unaweza kukata rufaa. Sidai kwamba aliye na karatasi hasumbuliwi. Nadai kwamba anaposumbuliwa ana mahali pa kwenda kulalamika, na asiye nayo hana. Kuhusu kaluvu ya ntheo, ile sherehe ya kimila ya ndoa ya Wakamba, na shughuli nyingine za kifamilia, uvumilivu wa chifu umekuwepo na huenda ukaendelea, lakini hauhamishiki sokoni. Siku utakapouza glasi ya kwanza, hata kwa jirani, uvumilivu huo umekwisha na Kifungu cha 7 kinakusubiri.

Panga muda wako kwa kuanzia nyuma. Leseni ya vileo hudumu miezi 12, kwa hiyo usiilipie kabla KEBS na KRA hawajakaribia kumaliza, la sivyo utakula nusu ya mwaka wa leseni ukisubiri stempu. Miezi ya mwanzo iwe ya kupika na kupima, bila kuuza, baada ya kuiuliza kamati ya kaunti ndogo mnaruhusiwa vipi kupika majaribio, maana Kifungu cha 7 kinagusa kutengeneza pia; na chama kigharamie hasara hiyo kwa michango yake. Sampuli ziende maabara mkiwa na mipiko inayofanana, jengo likaguliwe, ombi la kaunti lifuate, na leseni ya KRA iombwe wakati mmoja na lile la kaunti kwa sababu itachukua muda. Mkibadilisha kiambato, tuseme asali imeadimika kwa ukame mkatumia sukari ya dukani, hicho ni kinywaji kingine mbele ya KEBS: kitaarifiwe na kupimwa upya, na lebo ichapishwe nyingine kabla chupa moja haijatoka stoo.